Mwenye Benki Akiwa Ndiye Mkopaji

Mwaka 2000 Serikali ya Tanzania iliiuzia ABSA ya Afrika Kusini hisa nyingi za Benki ya Taifa ya Biashara, ile NBC ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa ndiyo benki, basi. Mabishano yaliyozuka wakati ule hayajapoa mpaka leo. Wako wanaosema mali ya wananchi ilitolewa kwa wageni kwa bei ya kutupa, na wako wanaosema serikali haijui biashara, kwa hiyo kuuza kulichelewa tu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, hakuficha kwamba hakuupenda mpango wa kuibinafsisha benki aliyoiunda. Pande zote hizi zinauliza swali moja: benki ni ya nani? Ni swali halali, lakini nadhani limetuchosha bila kutufikisha mbali, kwa sababu historia ya benki katika nchi hii na kwa majirani inaonyesha benki za serikali zilizokufa na zilizostawi, na benki za watu binafsi vilevile. Ukiipitia historia hiyo taratibu utaona swali linalozaa majibu zaidi: je, anayeimiliki benki ndiye huyohuyo anayekopa? Na kama ndiye, ndani ya nyumba ile yuko mtu anayeweza kumnyima mkopo, kisha kesho yake akarudi kazini?

Swali hili ni la zamani kuliko benki zenyewe. Unguja ya katikati ya karne ya 19 haikuwa na benki, lakini ilikuwa na mikopo mikubwa sana. Nyumba ya biashara ya Jairam Sewji, Mhindi wa asili ya Kachchh, ilikodi ushuru wa forodha kwa Seyyid Said kwa miaka mingi. Ilimlipa Sultani kiasi walichokubaliana, ikakusanya ushuru wenyewe, na Sultani alipopungukiwa ikamkopesha. Deni la watawala wa Unguja kwa nyumba ile lilifika mahali likawa jambo la siasa, la kubishaniwa mbele ya mabalozi. Aliyekuja kushika forodha baada yake, Tharia Topan, ndiye pia aliyempa Tippu Tip bidhaa kwa mkopo za kupeleka bara, na Tippu Tip mwenyewe anayataja mambo hayo katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili. Utaratibu ule ulikuwa na ukatili wake, na mzigo ulimshukia mtumwa na mpagazi ambao hawakuulizwa. Lakini kwa upande wa mkopeshaji ulikuwa umefungwa vizuri: aliyemkopesha mtawala alikuwa ameshika mlango ambao mapato ya mtawala yalipitia. Sultani hakuweza kukopa leo na kesho akajisamehe.

Benki zilizofuata zilikuwa za namna nyingine. Wajerumani walianzisha Deutsch-Ostafrikanische Bank mwaka 1905 na kuipa haki ya kutoa noti za rupia. Waingereza walipoishika Dar es Salaam mwaka 1916, benki zao ziliingia nyuma ya jeshi, na kufikia uhuru biashara ilikuwa mikononi mwa tatu kubwa: Standard, Barclays, na ile iliyoanza kama National Bank of India kisha ikawa National and Grindlays. Wenyehisa wao walikaa London. Katika benki hizi mwenye mali na mkopaji walitengana kwa bahari nzima, na kwa kipimo changu zilipaswa kuwa benki salama. Zilikuwa salama kweli. Ila usalama wao ulikuwa wa kumkopesha mkonge wa Tanga na kahawa ya Moshi, kugharamia meli na maduka ya jumla, na kupeleka akiba iliyobaki ikazae Uingereza. Mwafrika aliingia pale kuweka senti zake, akiingia kabisa. Sheria ya kikoloni ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilimfanya mfanyabiashara asiweze kumdai Mwafrika mahakamani bila kibali maalumu, na benki hazikuona sababu ya kuhangaika na mtu wa aina hiyo, ambaye pia hakuwa na hati ya ardhi ya kuweka rehani. Kwa hiyo nakubali mapema jambo ambalo wapinzani wa hoja yangu wangelitaja: umiliki si kitu kidogo. Anayemiliki ndiye anayeamua nani ahudumiwe. Ninachobisha ni kwamba kujua mwenye benki kunatosha kukuambia kama itasimama au itaanguka.

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Nyerere alitangaza kwamba benki zote za biashara Tanzania Bara zinataifishwa. Sheria ilipita haraka, na NBC ikazaliwa kutokana na matawi ya Standard, Barclays, Grindlays na ndugu zao wadogo wa Kihindi, Kipakistani na Kiholanzi. Wenye benki waliondoa wataalamu wao, wakitarajia mambo yakwame. Hayakukwama. Makarani waliokuwa wamezoea kushika vitabu tu walijikuta wakisaini barua za dhamana za biashara ya nje, na milango ikaendelea kufunguliwa asubuhi. Aliyepewa kuiongoza alikuwa Amon Nsekela, aliyetoka kwenye ukatibu mkuu wa Hazina, na kwa miaka ya mwanzo NBC ilipata faida, ikalipa kodi, ikapeleka matawi mikoani ambako benki za London hazikuwahi kuota kufika. Mtu anayeandika historia ya NBC kana kwamba ilikuwa kaburi tangu siku ya kwanza hajasoma mizania ya miaka ile ya kwanza.

Hata hivyo, namna uongozi ule ulivyopangwa inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mbegu imo humo. Nsekela alikuwa mwenyekiti wa bodi na papo hapo mkurugenzi mtendaji. Yaani aliyepaswa kuwasimamia watendaji ndiye aliyekuwa mtendaji mkuu. Alikuwa mtu mwenye uwezo na heshima, na sidhani mtu mwingine angefanya vizuri zaidi, lakini mpangilio wa kazi haupimwi kwa ubora wa mtu wa kwanza aliyeukalia. Mwenyehisa alikuwa mmoja, Hazina. Bodi iliteuliwa na serikali. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mikopo yote ilipangwa katika mpango wa mwaka wa fedha na mikopo, ulioeleza kila sekta ipate kiasi gani. Mwaka 1970 benki ya ushirika iliyokuwapo nayo ikamezwa na NBC. Na wateja wakubwa wakawa mashirika ya umma, ambayo mwenyewe ni serikali hiyohiyo, na ambayo wenyeviti na mameneja wake wakuu waliteuliwa kwa kalamu ileile iliyoteua wakubwa wa benki. Kwa lugha ya mkataba, mwenye fedha, mkopaji, mdhamini na msimamizi walikuwa mtu mmoja aliyevaa kofia nne.

Ukitaka kuona hali hii ilivyofanya kazi, fuata gunia la mahindi. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ilitangaza bei moja ya mazao nchi nzima: mkulima wa Sumbawanga alilipwa sawa na wa Morogoro, ingawa mahindi ya Sumbawanga yalihitaji lori la siku kadhaa kufika Dar es Salaam. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lililazimika kununua kote. Rukwa, Ruvuma, Iringa na Mbeya zikaitikia kwa kulima zaidi, jambo jema kwa ghala la taifa na kwa wakulima wa kule, ambao kabla ya hapo hakuna aliyewatazama. Kisha NMC ikasaga na kuuza sembe mjini kwa bei iliyopangwa ibaki chini. Ikanunua ghali, ikasafirisha kwa gharama, ikauza rahisi. Tofauti ilitoka wapi? Sehemu ndogo ilikuwa katika bajeti. Iliyobaki ilitoka katika akaunti ya NMC ndani ya NBC, akaunti iliyoruhusiwa kuchotwa kupita kilichokuwamo. Msimu ulipoanza ilichotwa fedha ya kununulia. Msimu ulipokwisha mauzo hayakutosha kuirudisha. Msimu uliofuata ikachotwa tena, na deni la jana likabaki chini ya deni la leo. NMC ikawa miongoni mwa wadaiwa wakubwa kabisa wa benki, pamoja na mamlaka za mazao zilizochukua nafasi ya vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976. Familia ya Magomeni iliyopika ugali wa sembe jioni ilikuwa inakula kipande cha mkopo wa benki bila kujua, na hakuna mbunge aliyewahi kuupigia kura mkopo ule.

Sasa jiweke katika kiti cha meneja wa tawi, au hata cha mkurugenzi wa mikopo makao makuu. Maombi ya NMC yanaletwa. Anajua deni la mwaka jana halijalipwa. Anajua pia kwamba akikataa, mahindi yataoza vijijini, wakulima watalalamika kwa mkuu wa mkoa, na mkuu wa mkoa ni mtu wa chama. Dhamana ya Hazina ipo, au imeahidiwa. Riba ya mkopo wa zamani inaandikwa kila mwaka kwenye vitabu kama mapato, ingawa hakuna senti iliyoingia, kwa hiyo kwa karatasi mteja huyu anaonekana kuwa ndiye anayeipa benki faida kuliko wote. Kwa nini akatae? Si mwizi, si mzembe. Ni mtumishi mwenye akili timamu anayesoma vizuri mazingira yake. Na chini ya mkopo huo mkubwa, halali kabisa kwa sheria, njia ya pili ikafunguka: ile ya vimemo, karatasi ndogo za wakubwa zenye neno la kumsaidia fulani. Katika nyumba ambamo mkopo mkubwa hautolewi kwa hesabu, ule mdogo wa kigogo una kizuizi gani? Watu wanapenda kueleza anguko la benki za umma kwa vimemo, kwa kuwa vina sura na majina. Mimi naona vimemo vilikuwa majani tu. Mzizi ulikuwa katika mikopo iliyotolewa kwa nia njema, kwa sera iliyotangazwa hadharani.

Hapa kuna mapingamizi mawili mazito. La kwanza linasema NBC haikuuawa na muundo wake bali na dunia: mafuta kupanda bei mwaka 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, vita vya Kagera, bei za mkonge na kahawa kuporomoka. Benki gani ingehimili hayo? Ni kweli tupu kwamba dhoruba ilikuwa kubwa. Lakini kazi mojawapo ya benki ni kuwa ya kwanza kujua nani hawezi kulipa, na kulisema. NBC ilijua. Vitabu vyake vilikuwa na kila kitu ila njia ya kukifikisha mahali ambapo kingeumiza. Faida ya kwenye karatasi ililipiwa kodi halisi na gawio halisi kwenda Hazina, maana yake benki ilikuwa inalipa fedha taslimu kwa faida ambayo haikuwahi kuipata, na mpokeaji alikuwa mwenye mikopo ileile isiyolipwa. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alipokuwa Waziri wa Fedha alijiuzulu mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Nyerere juu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Waziri aliweza kuondoka na jina lake likabaki katika historia. Ofisa mikopo wa Shinyanga hakuwa na anasa hiyo.

Pingamizi la pili ni la haki, na nalipa uzito zaidi. Linasema: ile haikuwa hasara, yalikuwa matumizi ya maendeleo. Barabara haziingizi faida, shule haziingizi faida, kwa nini mkopo wa mahindi ya Rukwa uhesabiwe kama benki ya London inavyohesabu? Sina ugomvi na kumsaidia mkulima wa Rukwa. Ugomvi wangu ni na mlango uliotumika. Ruzuku ikipitia bajeti, Bunge linaiona, wizara zinaigombania, na mwaka ukiwa mbaya inapunguzwa kwa uamuzi wa watu wanaojulikana. Ikipitia mkopo wa benki haina kikao wala kikomo. Serikali ilipokuja kuondoa ruzuku ya sembe katika bajeti ya mwaka 1984, uamuzi ulikuwa mchungu na kila mtu aliujua siku hiyohiyo. Madeni yaliyokuwa NBC hayakuwa na siku kama hiyo. Yaliendelea kuvimba kimya, na yalipofunuliwa, aliyelipa ni mlipa kodi yuleyule, ila sasa pamoja na riba.

Yalifunuliwa vipi? Rais Mwinyi aliunda tume mwaka 1988 chini ya Charles Nyirabu, aliyekuwa gavana tangu 1974, na ripoti ya tume hiyo ndiyo iliyozaa Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991. Kwa sheria ile benki binafsi ziliruhusiwa tena, Benki Kuu ikapata meno ya ukaguzi, na mkopo usiolipwa ukalazimika kutengewa fedha badala ya kuandikwa kuwa mapato. Papo hapo faida ya NBC ikayeyuka. Chombo maalumu, LART, kikaundwa kukusanya madeni mabovu, na kikafungua kesi juu ya kesi. Hazina ikaijaza benki mtaji upya, na benki ikaendelea kutoa hasara. Hili la mwisho linanivutia kuliko yote. Sheria ilikuwa mpya, mizania ilikuwa imesafishwa kwa hati fungani za serikali, lakini mwenyehisa alikuwa yuleyule na wateja walewale. Benki ya Nyumba, THB, haikufika hata hapo. Ilifungwa mwaka 1995, na waliokuwa na amana zao wakaanza safari ndefu ya kuzidai. Mwaka 1997 NBC ikapasuliwa vipande vitatu: kampuni ya kushika mali na madeni yaliyobaki, NBC ya biashara kubwa, na National Microfinance Bank, NMB, iliyorithi karibu matawi mia ya wilayani ambayo hakuna mnunuzi aliyeyatamani.

Wakati huohuo jirani yetu Uganda alikuwa anatoa somo la upande wa pili, na wanaoamini kwamba kubinafsisha ni dawa wangefaa kulisoma kila mwaka. Uganda Commercial Bank ilikuwa ndugu pacha wa NBC, ya serikali, yenye matawi kila wilaya na madeni mabovu kila tawi. Mwaka 1997 serikali ya Kampala iliuza asilimia 49 ya hisa zake kwa Westmont Land ya Malaysia. Baadaye ikagundulika kwamba nyuma ya Westmont alikuwapo Greenland Bank, benki binafsi ya hapohapo Kampala, na kwamba mikopo ilikuwa imechotwa kutoka UCB kwenda kwa watu na kampuni zilizofungamana na Greenland. Salim Saleh, ndugu yake Rais Museveni, alijiuzulu ushauri wa rais mwaka 1998 kwa kuhusishwa na mpango ule. Greenland ilifungwa Aprili 1999. Benki Kuu ya Uganda ikaichukua UCB mikononi mwake, na mwaka 2002 ikauzwa upya, asilimia 80, kwa Stanbic. Umiliki ulikuwa umetoka serikalini kwenda kwa mtu binafsi, kama vitabu vilivyoelekeza. Kilichobaki vilevile ni kwamba mwenye benki alikuwa mkopaji, safari hii akiwa amejifunika shuka la mgeni. Kenya nako, National Bank of Kenya iliandikishwa katika soko la hisa Nairobi mwaka 1994, wanahisa wadogo wakanunua kwa moyo mweupe, na miaka minne baadaye likafumuka rundo la mikopo chechefu iliyopewa watu wenye majina. Soko la hisa peke yake halikumnyima kigogo yeyote mkopo.

Kwa hiyo ukirudi kwenye vipande vya NBC na kuuliza kwa nini vilipona, jibu la kwamba vilipona kwa sababu vilikwenda kwa wageni ni nusu jibu. NBC mpya ina wenyehisa watatu: ABSA asilimia 55, serikali 30, na shirika la IFC la Benki ya Dunia 15. Hadithi yake ina kejeli: Barclays, iliyonyang’anywa matawi mwaka 1967, ilinunua hisa nyingi za ABSA yenyewe mwaka 2005, kwa hiyo kwa miaka kadhaa ikawa mwenye kauli juu ya benki iliyojengwa kwa matawi yake ya zamani, huku ikiwa na benki nyingine ya jina lake mtaa wa pili. NMB ilikabidhiwa kwanza kwa menejimenti ya mkataba, kisha mwaka 2005 asilimia 49 ikauzwa kwa kundi lililoongozwa na Rabobank, benki yenye asili ya ushirika wa wakulima wa Uholanzi, na mwaka 2008 hisa nyingine zikauzwa kwa wananchi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Serikali imebaki na karibu theluthi. Kipande ambacho hakuna aliyekitaka kikawa mojawapo ya benki zenye faida kubwa kuliko zote nchini. CRDB ilikwenda njia yake: benki ya ushirika na maendeleo vijijini ya mwaka 1984, ikabinafsishwa 1996 kwa kutawanya hisa kwa maelfu ya Watanzania, vyama vya ushirika na kampuni, huku mfuko wa DANIDA wa Denmark ukishika asilimia 30. Charles Kimei aliichukua mwaka 1998 akaiongoza miaka ishirini, na mwaka 2009 nayo ikaingia sokoni, hisa moja shilingi 150.

Tazama zinachofanana. Serikali haikufukuzwa, katika mbili kati ya hizo bado imo. Hakuna iliyokuwa ya mgeni mtupu, na CRDB haikuwa ya mgeni kabisa. Zilichofanana ni kwamba katika kila moja alikuwapo mwenyehisa mkubwa, mwenye viti kwenye bodi, ambaye hakuwa na haja ya kukopa pale na ambaye mkopo mbovu ungemtoa damu. Rabobank haikulima mahindi Rukwa. DANIDA haikuwa na kiwanda cha nguo cha kuokoa. Mkurugenzi aliyeletewa ombi la mkubwa aliweza kusema bodi haitakubali, na ikawa kweli. Wengine wataona huu ni mchango mdogo, karibu wa kuchekesha, kwa mtu aliyeleta mtaji na kompyuta. Mimi naona ndio uliokuwa wenye thamani kuliko yote.

Atakayenipinga hapa atasema, na kwa haki, kwamba benki hizi zilijifunza kukataa kupita kiasi. Kwa miaka mingi baada ya ubinafsishaji mkulima alizungushwa kama enzi za Standard na Barclays, huku amana zake zikinunuliwa dhamana za serikali zisizo na jasho. Sina jibu la kulifuta lalamiko hilo. Naongeza tu kwamba limebeba jambo ambalo hoja yangu ingelitabiri: serikali ikakopa tena kwa wingi katika benki ambazo ina hisa ndani yake, ila sasa kwa mnada wa wazi, kwa bei inayochapishwa, na benki ikiwa huru kutonunua. Mkopaji ni yuleyule wa miaka ya 1970, uhusiano ndio tofauti. Wala Benki Kuu isidhaniwe kuwa iko juu ya mtego huu. Shilingi bilioni 133 za akaunti ya madeni ya nje, EPA, zilizolipwa kwa kampuni 22 mwaka 2005 na 2006, zilitoka ndani ya jengo la msimamizi mwenyewe, na gavana akaondolewa Januari 2008. Palipokosekana wa kukataa, hapakuwa na mtu binafsi wala mgeni wa kulaumiwa.

Haya yote si mambo ya makumbusho. Aprili 2025 ilizinduliwa Dodoma Benki ya Ushirika Tanzania, iliyoinuliwa kutoka katika benki ndogo za Kilimanjaro na Tandahimba, wenyehisa wakubwa wakiwa vyama vya ushirika vyenyewe, na CRDB ikiwa miongoni mwa wanahisa. Nia ni njema kama ilivyokuwa njema mwaka 1967: riba nafuu kwa mkulima, benki ambayo ni yake. Kwa muundo ni benki ambayo wakopaji ndio wenyewe, na hilo si kosa. Rabobank ilikua hivyohivyo kutokana na vyama vidogo vya vijijini, ambako jirani alijua ng’ombe wa jirani yake ni wangapi na aliwajibika kwa deni lake. Lakini chama kikuu cha ushirika chenye wanachama wengi mno kujuana si majirani wa kijiji cha Uholanzi, na msimu wa korosho Mtwara una vigogo wake kama msimu wa mahindi ulivyokuwa na wake. Bei ya korosho ikianguka, na chama kikuu chenye hisa na kiti kikaja kuomba mkopo wa msimu juu ya deni la msimu uliopita, kumbukumbu za kikao hicho cha kamati ya mikopo zitakuwa na maana kuliko hotuba zote za uzinduzi: nani alikuwapo, nani alitoka nje kwa kuwa ana maslahi, na wale wawili watatu waliobaki wasio na shamba wala chama waliandika nini.